Maneno yasiwe mwangwi wa picha

Kwa muda mrefu sisi walimu wa Kiswahili tumekuwa tukiwapa wanafunzi zoezi moja ambalo yamkini kila msomaji wa ukurasa huu alilifanya utotoni. Mwalimu huonyesha picha, kisha huagiza: "Tazama picha hii, halafu ueleze unachokiona." Mtoto huandika kwamba anamwona mama, mama amebeba kikapu, na kikapuni mna ndizi. Hutiwa alama zake, akaambiwa ameweza. Mimi mwenyewe nimelisahihisha zoezi hilo kwa miaka isiyopungua ishirini, wala sikuwahi kulitilia shaka mpaka mwaka 2023, pale wanafunzi wa chama cha Kiswahili katika shule ninayofundisha, huku Likoni, waliponijia na ombi la kuwasaidia kutunga kitabu cha picha kuhusu maisha ya ng'ambo hii ya bara ya Mombasa: Likoni, Kisauni na Changamwe.

Picha zilipatikana kwa wingi. Nyingine walizipiga wenyewe kwa simu za wazazi wao, na nyingine walizitoa katika albamu za nyumbani. Kazi ya maneno nikajitwika mimi. Chini ya picha ya kivukoni nikaandika: "Abiria wakishuka kutoka kwenye feri." Chini ya picha ya mwanamke aliyeinama mbele ya karai nikaandika: "Mama akikaanga mahamri asubuhi." Nikaridhika na kazi yangu. Siku ya kuonyeshana rasimu alikuja nyanya wa mwanafunzi mmoja, mtu wa Mtongwe, ambaye macho yake bado ni mazima. Alipekua kurasa taratibu, akasoma, kisha akaniuliza bila ya ukali wowote: "Mwalimu, haya n'nayaona. Mbona mumeyaandika?"

Sikuwa na jibu. Nimekuwa nikilitafuta tangu hapo, na makala haya ni sehemu ya utafutaji huo.

Kitabu cha picha ninachokikusudia hapa si albamu, kwa kuwa albamu hufunguliwa mbele ya mwenyewe, naye husimulia kwa kinywa chake huku akionyesha kwa kidole. Wala si kitabu cha kawaida kilichopambwa kwa picha ili kurasa zisichoshe. Ni kitabu ambamo picha na maneno hushirikiana kubeba jambo ambalo hakuna hata kimoja kati ya viwili hivyo kingeweza kulibeba peke yake. Ni kama mashahidi wawili mbele ya kadhi. Ikiwa shahidi wa pili hana zaidi ya kukariri kauli ya wa kwanza, kwa nini aitwe na kupotezewa siku yake?

Mtu asidhani kwamba fikra hii ni ngeni kwetu na kwamba hatuna budi kuifuata Ulaya. Tunayo nyumbani, na wake zetu na mama zetu hujifunga kila siku. Kanga ina pindo, ina mji, na ina jina. Duka la Kaderdina Hajee Essak, lililoanzishwa hapa Mombasa mwaka 1887 na ambalo kanga zake hujulikana kwa alama ya "Mali ya Abdulla", limeuza kanga kwa vizazi kadhaa. Na katika vizazi vyote hivyo sijasikia mwanamke aliyenunua kanga yenye mchoro wa korosho ambayo jina lake linasema kwamba hii ni korosho. Mchoro husema lake, jina husema lake. Mananasi yametapakaa mjini, ilhali jina linamsuta jirani mwenye husuda. Mwenye kuitazama kanga hiyo hulazimika kuviunganisha viwili hivyo mwenyewe, na katika kuviunganisha ndipo anapopata utamu, au anapochomwa. Laiti mbunifu wa kanga angefunzwa na mwalimu kama mimi, pwani nzima ingekuwa imejifunga orodha ya matunda.

Hata hivyo, nisije nikaeleweka kwamba ninayadharau maneno. Yako mambo ambayo picha haiyawezi kabisa. Tuchukue Kisauni. Pale Kengeleni pana kengele ambayo maelfu ya watu huipita kila siku wakielekea Kongowea au daraja la Nyali. Mwanafunzi wetu mmoja aliipiga picha nzuri sana, mwanga wa jioni ukiwa umeiangukia. Lakini kamera iliona kengele tu. Haikuona kwamba hapo ni Frere Town, makao yaliyoanzishwa na wamishenari katika miaka ya 1874 na 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani, na kwamba kengele hiyo ililizwa kuwatahadharisha wakaazi dhidi ya wale waliotaka kuwarudisha minyororoni. Asiyeambiwa hayo ataisifu picha kwa rangi yake, kisha afunue ukurasa.

Changamwe ilitufunza jambo jingine. Tulikuwa na picha mbili za kiwanda cha kusafisha mafuta, moja ya kale iliyotoka kwa mzee aliyekuwa kibarua huko, na nyingine iliyopigwa na mjukuu wake. Matangi ni yale yale, ua ni ule ule. Ukizitazama huwezi kutambua kwamba kati ya picha hizo mbili kazi ilikwisha: kiwanda kilichoanza kazi mwaka 1963 kiliacha kusafisha mafuta ghafi mwaka 2013, na mahali pakabaki pa kuhifadhia mafuta tu. Picha haijui wakati. Hapo hatukuhitaji ibara ndefu wala mapambo ya lugha. Tuliziweka picha hizo uso kwa uso, kushoto na kulia, na chini ya kila moja tukaandika mwaka wake, basi. Wasomaji wote wa Changamwe waliopewa kitabu hicho walinyamaza walipoufikia ukurasa huo.

Kwa hiyo kuna maneno yanayoiua picha kwa kuikariri, na kuna maneno yanayoipa pumzi. Kuna na aina ya tatu, ambayo ni mbaya kuliko zote: maneno yanayomnyang'anya mtu utu wake. Wakati wa ukoloni, studio za Zanzibar na Mombasa zilichapisha kadi za posta kwa wingi ili wasafiri wazitume kwao. Mwanamke aliyevaa, akajipamba, akaketi mbele ya kamera kwa heshima zake zote, aliandikiwa chini yake kwa lugha ya kigeni kwamba yeye ni "mwanamke wa Kiswahili", au "aina ya wenyeji". Alikuwa na jina, alikuwa na baba, alikuwa na mtaa. Leo picha hizo zinauzwa kwa bei kubwa na kutazamwa katika makumbusho, na mjukuu wake akipita hapo hatajua kwamba amempita nyanyake.

Nimeyataja hayo ili nifike kwenye jambo la Likoni, ambalo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Wale waliokuwapo katika miaka ya 1990 wanazikumbuka studio ndogo ndogo zilizojipanga kando ya njia ya kwenda kivukoni. Zilikuwa vibanda vilivyopambwa kwa mapazia yaliyochorwa kwa rangi kali: meli, ndege, majumba marefu, misikiti. Wapigapicha wengi wa pale walikuwa watu kutoka bara, na wateja wao walikuwa wapitanjia kama wao: vibarua wa bandarini, mayaya, wanafunzi, wapenzi, watu waliovaa nguo mpya siku ya Idi au Krismasi. Kijana ambaye hajawahi kupanda hata gari moshi alisimama mbele ya meli iliyochorwa, sanduku mkononi, akapigwa picha ya kumpelekea mamake kijijini. Vurugu za Likoni za Agosti 1997 ziliwalenga hasa watu wa bara, na baada ya hapo wapigapicha hao hawakuweza tena kukaa kama kwamba hapakuwa na neno.

Mtafiti wa Kijerumani, Heike Behrend, aliwachunguza wapigapicha wa Likoni, na picha za studio hizo zikaingia katika kitabu Snap Me One! alichokihariri pamoja na Tobias Wendl mwaka 1998 kwa Kijerumani. Mwaka 2013 alitoa kitabu kingine, Contesting Visibility, kwa Kiingereza, kuhusu upigaji picha katika pwani ya Afrika Mashariki. Ninamshukuru kwa dhati. Pasipo yeye, sehemu kubwa ya habari hiyo ingezama. Lakini fikiria: mtu wa Mtongwe aliyepigwa picha mbele ya meli ya rangi anasomwa Munich, ilhali mimi sijapata kukiona kitabu cha Kiswahili ambamo picha za studio hizo zimesimuliwa na walio ndani yake. Hali kadhalika vitabu vikubwa vya picha vya hapa kwetu. Marehemu Mohamed Amin alikuwa mpigapicha hodari asiye na kifani, na kitabu Journey through Kenya alichokitoa mwaka 1982 pamoja na Duncan Willetts na Brian Tetley kinastahili kabati lolote. Ila maneno yake ni ya Kiingereza, na ukiyasoma unatambua kwamba anayezungumziwa ni mgeni aliyekuja kutembea.

Sasa turudi kwa yule nyanya wa Mtongwe. Mjukuu wake, kijana wa kidato cha tatu, alileta picha ya ami yake iliyopigwa katika mojawapo ya studio hizo. Ami amesimama mbele ya meli, shati limepigwa pasi, mkono mmoja umeshika sanduku ambalo bila shaka lilikuwa mali ya studio. Nyuma ya picha ameandika kwa kalamu ya buluu kwamba ni kumbukumbu ya Idi, Machi 1994. Majuma sita hivi baadaye, Ijumaa asubuhi ya tarehe 29 Aprili 1994, alipanda feri ya Mtongwe kwenda kazini kisiwani. Feri hiyo, iliyokuwa imejaa kupita kiasi, ilipinduka karibu kabisa na ufuo. Waliokufa walikuwa 272.

(Jina lake tuliliandika kitabuni kwa idhini ya mamake. Gazetini si mahali pake.)

Mimi, kwa mazoea yangu, nilikuwa nimeandika chini ya picha hiyo: "Marehemu fulani, mmoja wa waliofariki katika mkasa wa feri ya Mtongwe." Nilidhani hayo si mwangwi wa picha, kwa kuwa ni jambo ambalo picha haionyeshi. Nilidhani sasa nimejifunza. Kumbe nyanya alikuwa na neno. "Siku hiyo hakuwa marehemu, mwalimu," alisema. "Alikuwa amevaa shati jipya."

Alikuwa na haki. Msomaji akiliona neno "marehemu" kabla hajamtazama kijana usoni, hatamwona kijana. Ataona kifo kilichovaa shati. Meli ile ya rangi itageuka kuwa dalili ya msiba, na tabasamu lake litasomwa kama ujinga wa mtu asiyejua yajayo. Kwa maneno machache nilikuwa nimemnyang'anya siku yake ya Idi. Lakini tukiyafuta maneno yote, msomaji atapita, na watu 272 watapita pamoja naye. Wanafunzi walibishana juu ya jambo hilo kwa vipindi viwili vizima, na nakiri kwamba sijawahi kuwaona wakibishana hivyo juu ya riwaya yoyote niliyowafundisha.

Utatuzi ulitoka kwa mjukuu mwenyewe. Alisema: "Mwalimu, maneno yako nyuma ya picha. Basi na sisi tuyaweke nyuma." Tukaiweka picha kwenye ukurasa wa kulia, pasipo herufi hata moja. Msomaji akishafunua, nyuma ya karatasi ile ile, anakutana na mwandiko wa ami mwenyewe, na chini yake jina, mahali na tarehe ya mkasa, kisha sentensi nne za nyanya kama alivyozisema. Msomaji akitaka kurudi kumtazama kijana tena sharti aufunue ukurasa kinyume, na nimewaona wengi wakifanya hivyo.

Nakala ya kwanza ya majaribio ilipotoka kiwandani ilituumbua. Ili kupunguza gharama tulikuwa tumechagua karatasi ya gramu 80, ambayo ni nyepesi mno kwa kazi hiyo. Wino wa upande wa pili ulipenya. Ukiinua ukurasa kidogo kwenye mwanga, tarehe ya mkasa ilionekana juu ya shati la kijana, herufi zimegeuka nyuma mbele. Yale tuliyoyaficha kwa ubishi wa vipindi viwili yalikuwa yamefichuliwa na uhafifu wa karatasi. Tukahamia karatasi nzito zaidi, gharama ikapanda, na ikatubidi kukipunguza kitabu kutoka kurasa 48 hadi 40, kwa sababu kitabu kinachokunjwa na kupigwa pini katikati hakina budi kuwa na kurasa zinazogawanyika kwa nne. Picha yangu ya mahamri ilikuwa ya kwanza kutupwa. Sikulalamika.

Ninayaeleza mambo haya ya karatasi na pini kwa makusudi. Tumezoea kudhani kwamba mwandishi huandika na fundi wa chapa hupanga, kila mmoja na lake. Katika kitabu cha picha, mahali neno lilipo ni sehemu ya maana yake. Neno lililo chini ya picha huisemea. Likiwekwa ukurasa wa pili mkabala nayo, huzungumza nayo. Na lililo nyuma yake huingojea. Na uso wa mtu ukiangukia kwenye mshono wa katikati, hata maneno matamu namna gani hayatauokoa. Hilo nalo tulilijua baada ya kuharibu.

Waliotutangulia katika kazi hii walilipima jambo hilo kwa uangalifu. Huko Marekani, James Agee na Walker Evans walipotoa kitabu chao juu ya wakulima maskini wa Alabama mwaka 1941, picha za Evans ziliwekwa mwanzoni kabisa, hazina maelezo yoyote chini yake, na ndipo maandishi marefu ya Agee yakafuata. Msomaji hukutana na nyuso kwanza. Mwaka 1955, mshairi Langston Hughes alizipanga picha ambazo Roy DeCarava alizipiga Harlem katika kitabu kidogo, The Sweet Flypaper of Life. Hakuandika maelezo ya picha moja moja. Alibuni bibi mzee wa mtaa huo, akamwacha azungumze juu ya watoto na wajukuu zake, na picha zikawa zinapita katikati ya mazungumzo yake kama watu wanaoingia na kutoka nyumbani. Nilipowaonyesha wanafunzi mfano huo, mmoja alisema kwamba huyo ni nyanya wa Mtongwe. Nikamwambia tofauti ni kwamba wa kwetu hakubuniwa.

Mwalimu mwenzangu mmoja ameniambia kwamba kitabu kisichoeleza picha zake kitawachanganya wanafunzi wadogo, na kwamba mtihani utaendelea kuuliza "unaona nini" hata tukiandika makala mangapi. La pili ni kweli. La kwanza nakubali nusu yake. Jina, mahali na mwaka visikosekane kamwe, hata kama vitawekwa kwa herufi ndogo katika ukurasa wa mwisho. Hilo ni deni kwa aliye pichani, na si hiari ya mbunifu. Ila mtoto wa darasa la tano anayejua kwamba jina la kanga halielezi mchoro wake hawezi kuchanganywa na kitabu chetu. Sisi ndio tunaomchanganya pale tunapompa alama kwa kuandika kile ambacho kila mwenye macho amekwisha kukiona. Siku hizi, baada ya kumaliza zoezi lile la kitabuni, huwaongezea wanafunzi wangu swali moja: "Ni nini ambacho yumkini aliye pichani anakijua, nasi hatukioni?" Majibu ya juma la kwanza yalikuwa hafifu. Ya juma la nne sikutaka kuyasahihisha kwa kalamu nyekundu.

Tulichapisha nakala 60. Nyingi ziko majumbani, na mbili ziko katika maktaba ya shule, zimeanza kuchakaa pembeni kwa kushikwashikwa. Lakini zimebaki picha kumi na moja za studio za Likoni ambazo hazikuingia kitabuni, kwa kuwa waliozileta hawakujua ni za nani. Walizikuta kwenye masanduku ya wazee waliokwisha kufa. Mmoja wao ni msichana aliyeshika simu ya mezani isiyo na waya, amesimama mbele ya ndege. Nyuma yake pameandikwa tu kwamba asisahauliwe, wala hapana jina. Likizo ya Agosti nitakaa nazo kivukoni upande wa Likoni, siku za Jumamosi asubuhi, pamoja na wanafunzi wawili na daftari. Ikiwa wewe msomaji ulipigwa picha pale katika miaka hiyo, au dada yako alipigwa, tafadhali pitia uzitazame.